Nyoka wa Chini ya Sinki

Mume wangu aliniambia kuna nyoka chini ya sinki, nami nikamwamini. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kuniuliza habari za chumvi. Chumvi ilikuja baadaye. Kilichonichoma kwanza, na kinachonichoma hata sasa ninapoandika, ni yule nyoka.

Tuliishi Kasese, magharibi mwa Uganda, upande wa mji unaotazama milima, katika nyumba ndogo tuliyojivunia sana siku tulipoingiza maji ndani. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na majirani wengi bado walibeba majerikani kichwani. Mimi nilikuwa na sinki, bwana. Chini yake palikuwa na kabati la mbao, na ndani ya kabati bomba la chuma lilitoka ukutani likapanda hadi kwenye mfereji. Katikati ya bomba hilo fundi aliweka koki ndogo ya kufungia maji, akanionyesha jinsi ya kuizungusha kwa vidole viwili. Sikuwahi kuigusa tena, maana maji hayakunipa sababu. Halafu nyoka akahamia.

"Amepita kwa tundu ya bomba," mume wangu alisema jioni moja. "Nyeusi, nyembamba. Wewe usifungue hii mlango. Nitatafuta mtu wa kuitoa." Papo hapo akaufunga mlango wa kabati kwa waya na kuukaza kwa plaizi.

Lazima nieleze kwamba mimi nyoka nawaogopa kupita kiasi. Nikiwa mtoto niliumwa na mmoja kwenye kifundo cha mguu, nikalala hospitali hadi mama akaanza kuzungumza nami kwa sauti ile ya kuaga. Kovu lipo bado. Mume wangu alilijua kovu hilo kabla hajajua mambo mengine mengi juu yangu, na ni yeye peke yake niliyemsimulia usiku wote ule, na jinsi nilivyojikojolea kitandani. Kwa hiyo aliposema nyoka, sikuuliza swali hata moja. Nilihamisha sufuria zangu zikakaa juu ya meza, na nikawa naosha vyombo nikiwa nimevaa gamubuti za shamba. Nilipomkumbusha habari ya mtu wa kumtoa, alicheka akasema nyoka amekuwa mpangaji wetu sasa, tumvumilie. Nami nikacheka naye.

Sasa chumvi. Baba mkwe wangu alikuwa mtu wa Katwe, wa ziwa la chumvi. Alikuwa na kidimbwi chake ukingoni mwa ziwa, kimezungushiwa matope na vijiti, ambamo maji hukauka juani na chumvi ikabaki ya kukwanguliwa kwa mikono. Alikuwa na watoto wawili tu waliobaki hai, mume wangu na dada yake. Alipozidiwa na ugonjwa alituita sote watatu, na wazee wa ukoo wakiwapo, akaushika mkono wa binti yake na mkono wangu. "Huyu achote, huyu auze," alisema. "Nyinyi ni mtu moja." Mwezi haukuisha akafariki.

Nililia siku ile, na si kwa ajili ya ugonjwa wake tu. Mimi nililetwa Kasese na saruji. Baba yangu alitoka Kenya kuja kufanya kazi kwenye kiwanda, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi mpaka alipozeeka. Yeye na mama wakarudi kwao, wakafa huko, na shamba likabaki mikononi mwa baba zangu wadogo ambao tukikutana njiani hawatanijua. Kwa hiyo mzee yule aliponishika mkono mbele ya watu wake, nilijua nimepata kwetu. Nililishika neno lake hilo kuliko hata kiapo cha kanisani, maana la kanisani lilitoka kwa padri, na hili lilitoka kwa mwenye mji.

Tukaanza kazi. Wifi yangu alikuwa ameolewa Karusandara kwenye mashamba, lakini kila wiki alikwenda Katwe, akasimamia ukwanguaji na kuleta magunia kwetu Kasese. Mimi niliianika tena uani, nikaichekecha, nikaihifadhi stoo, ufunguo shingoni. Jumanne na Ijumaa, siku za soko, niliipeleka Bwera, mpakani na Kongo, na siku nyingine nilikuwa na meza yangu soko la Kasese. Ile ya mawe ilinunuliwa na watu wa ng'ombe. Ile nyeupe, ya kutia kwenye chakula, karibu yote ilikwenda kwa mama mmoja mnene wa upande wa Kongo, aliyevuka daraja kila Jumanne. Nilimpata siku mvua ilipomkuta sokoni na vitenge vyake, nikamwingiza yeye na mzigo wake chini ya turubai yangu, tukala muhogo wa kuchemsha mpaka mawingu yakapita. Tangu siku hiyo hakununua chumvi kwa mtu mwingine. Hata nikichelewa alinisubiri, akifukuza wauzaji wengine kwa mkono kama mtu anayefukuza kuku.

Kisha ukaja msimu wa mvua kubwa, na wifi akafika na uso uliosawajika. "Mulamu, ile nyeupe imeisha," alisema. Kwetu huko shemeji na wifi wote ni mulamu. "Mvua imeingia ndani ya kidimbwi. Ni maji tu. Tutapata ile ya mawe, basi."

Mvua huharibu chumvi kweli, kila mtu wa Katwe anajua hivyo. Nikampa pole yeye, maana ndiye aliyesimama ndani ya maji yale. Akanionea huruma naye, akasema nisipoteze nauli ya Jumanne kwa kwenda kumwambia yule mama hakuna kitu, atapitisha ujumbe mwenyewe kwa watu wanaovuka. Nikamshukuru. Nikawa naenda Bwera Ijumaa peke yake na ile ya mawe, na Jumanne nakaa kwenye meza yangu mjini. Msimu ukapita, jua likarudi, na bado nyeupe haikupatikana. Nyoka naye bado alikuwa chini ya sinki. Sikuyaunganisha mambo hayo, na sioni aibu kwamba sikuyaunganisha. Mtu hakai nyumbani kwake akipeleleza.

Siku ya maji ilikuwa Jumamosi, mume wangu akiwa zamu ya mchana kwenye kiwanda kilekile cha saruji. Zamu hiyo alikuwa haipati mara nyingi. Kwa kawaida alifanya ya usiku na kulala mchana. Nilikuwa namenya ndizi niliposikia mlio kama wa paka aliyekasirika, na maji yakaanza kutambaa kutoka chini ya mlango wa kabati. Nikaruka juu ya kigoda. Nilikaa pale juu na panga mkononi, nikimtukana nyoka kwa kila lugha niliyojaliwa kujua, na maji yakaendelea kuja bila kujali matusi. Yalipofika kwenye zulia la sebuleni hasira ikaizidi hofu. Nikashuka, nikakata waya, nikavuta mlango, nikaruka nyuma.

Hakukuwa na nyoka. Maji yalikuwa yakifyatuka pale bomba linapoingia kwenye koki. Nikapiga panga kwenye pembe zote, kimya. Nikainama na tochi ya simu kutafuta lile tundu alilopitia, nikaliona: lilikuwa limezibwa kwa saruji, laini, limesawazishwa kwa mwiko, na juu yake utando wa buibui na vumbi la siku nyingi. Panya asingepita hapo, sembuse nyoka.

Nilisema nitalifikiria hilo baadaye, kwanza nifunge maji. Nikaishika koki kwa vidole viwili kama nilivyofundishwa. Haikutikisika. Nikaishika kwa mkono mzima, nikaishika kwa kitambaa, nikaimwagia mafuta ya kupikia, nikaibana kwa plaizi mpaka meno ya plaizi yakateleza na kunichuna kidole. Ilikuwa imeota ukurutu wa kijani na mweupe pande zote, hata huoni pa kuzungukia. Nikachukua mchi wa kinu nikaigonga pembeni kulia na kushoto, nikisema naye kwa upole kisha bila upole. Ikakatika. Mkono wa koki ukabaki kwenye plaizi yangu na maji yakanipiga usoni barabara.

Nikalamba midomo, maana ndivyo mtu anavyofanya akipigwa na maji. Yalikuwa na chumvi.

Maji ya mji wetu hayana chumvi. Nikapiga magoti ndani ya dimbwi lile, nikamulika nyuma kabisa ya kabati, ambako maji yalikuwa bado hayajafika. Sakafuni palikuwa na alama nyeupe ya duara, pana, ya kitako cha gunia, na kwenye msumari wa ubao nyuzi za buluu za gunia lililochanika. Nikachota punje chache kwa kidole. Chumvi ya kidimbwi kile naijua kwa ulimi: haichomi upesi, inachelewa kidogo kisha inauma pembeni. Ilikuwa nyeupe, safi, iliyochekechwa vizuri. Ilikuwa ile iliyoisha kwa mvua.

Na kuna jambo lililonifanya nikae sakafuni na maji yakinipita. Watu wa chumvi hawaweki chumvi karibu na chuma. Katwe bawaba za milango huliwa, mabati huliwa, baiskeli huliwa. Stoo yetu tulijenga bila msumari unaoonekana, na magunia yalikaa juu ya mbao mbali na mlango, kama marehemu baba mkwe alivyotufundisha. Yeyote aliyelisukuma gunia la chumvi dhidi ya bomba lile alijua litafanya nini. Aliliweka hapo kwa kuwa sehemu nyingine zote za nyumba niliziingia mimi.

Niliinuka, nikatoka nje hadi kwenye mita, nikafunga maji kwa ile koki kubwa ya njiani. Hiyo ilizunguka bila taabu. Kisha nikamwita jirani yetu, askari mstaafu aliyejifunza ufundi bomba, ambaye mtaa mzima tulimwita afande. Hakuwa mtu wa maneno. "Leta mwanga," aliniambia. "Shika hapa. Usitingishe." Akaitazama koki, akasema imekufa, tunakata. Alipokuwa anapiga msumeno akauliza, "Mnaweka chumvi hapa?"

"Hapana," nikajibu.

Akanitazama kidogo, akaendelea kukata. Alifunga koki mpya yenye mkono mrefu, akaifungua na kuifunga, akaenda zake.

Mume wangu alirudi jioni. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akaona kabati wazi, waya chini, bomba jipya. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani alifungua?" Hakuuliza kama nimeumia, na kidole changu kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu. Hakuuliza habari za nyoka. Nikamwambia bomba lilipasuka, afande amelitengeneza. Akasema vizuri, akaenda kuoga. Nikapika, tukala. Nilikuwa na hasira, lakini sikumtajia chumvi, kwa sababu kitu kimoja ndani yangu kilikuwa bado kinamtetea. Nilitaka kwanza nione kwa macho yangu.

Jumanne sikwenda kwenye meza yangu. Nilipanda gari la Bwera bila mzigo wowote, na mikono mitupu ilinisumbua njia nzima, sikujua niiweke wapi. Sokoni nilimwona yule mama wa Kongo kutoka mbali, amekaa juu ya mafurushi yake mahali petu pa siku zote. Naye akaniona. Akasimama, akashika kifua.

"Ni weye?" alisema. "Balituambia ulisharudia kwenu Kenya."

"Nani alikuambia?"

"Mulamu yako. Iko analeta chumvi kila Jumanne, toka ile mvua. Nilimuuliza mara mingi: mwenzangu iko wapi? Akasema bwana yake alimurudisha kwao. Vraiment, kweli kabisa, nililia." Akanishika mashavu kwa mikono miwili, kama anayehakikisha nyama na mifupa. "Nikasema, mutu muzuri vile, hata hakuniaga."

Kuibiwa ningekumeza. Watu huibiana, tena ndugu ndio hasa. Lakini wao walinizika hai. Kwa wakati wote ule niliokuwa naamka, nikipika, nikimfulia mume wangu nguo zake zenye vumbi la saruji, kuvuka mji kidogo tu nilikuwa mwanamke aliyerudishwa kwao.

Wifi alifika hatujamaliza kushikana mikono. Alikuwa nyuma ya bodaboda, na bodaboda ya pili ikimfuata na magunia mawili, ya buluu. Aliniona. Nilitegemea ageuze, au aanguke, au angalau abadilike rangi. Alishuka, akanyoosha kitenge chake, akamwonyesha mwenye pikipiki pa kuweka mzigo. Kisha akanigeukia. "Wabukire, mulamu," akanisalimu kwa Lukonzo, kwa sauti ya kila siku. "Tutaongea nyumbani."

Na mimi, mtu mwenye ulimi mkali ninaoujua, nikamwitikia salamu. Mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea. Ni mambo machache maishani niliyojilaumu kwayo kuliko salamu ile.

Kwenye gari la kurudi niliyaweka mambo mahali pake. Magunia yaliingia nyumbani kwangu Jumatatu na yalitoka Jumanne, siku zote mbili nikiwa kwenye meza yangu. Siku hizo mume wangu alikuwa nyumbani amelala zamu. Na gunia la chumvi halibebwi na mtu mmoja, wala halipiti kwenye mlango mdogo wa kabati bila mtu wa kuvuta na mtu wa kusukuma. Kitu kile kilichokuwa kikimtetea ndani yangu kikanyamaza tulipofika njia panda ya Kikorongo.

Wifi alifika kwetu kabla jua halijazama, akakaa kwenye kiti anachokaa siku zote. Mume wangu alikuwa tayari anajua. Bila shaka dada yake alimpigia simu. Alikuwa amevaa shati la kutokea.

Sikuanza na chumvi. "Nyoka yuko wapi?" nilimuuliza mume wangu.

Alitazama mikono yake. "Sikuona njia ingine," alisema. "Wewe hauogopi kitu ingine." Na alilisema kama anayenisifu. Hapo ndipo nilipolia, mbele yao wote wawili, ingawa nilikuwa nimejiapia sitawapa machozi.

Wifi alisubiri nimalize. Hakuwa mkali. "Mulamu, chumvi ni ya baba yetu," alisema. "Wewe ulikuja ukatukuta nayo."

"Baba alisema mbele ya wazee. Alinishika mkono."

"Baba alikuwa mgonjwa."

"Na kusema nimerudishwa Kenya? Hilo nalo lilikuwa la nini?"

Kwa mara ya kwanza akaonekana kusumbuka, kama mtu anayelalamikia kazi ngumu aliyopewa. "Yule mama alikataa kununua kwangu. Kila saa anakuuliza wewe, wewe, wewe. Ningesema nini? Ningesema umekufa? Hiyo si nzuri."

Nilimgeukia mume wangu. Nilimuuliza kama alijua pia kwamba nilikuwa nimerudishwa. Akasema alisikia. Akasema ni maneno ya soko tu, soko haina shida, maneno inapita. Nikamuuliza, kama mtu angesema hivyo juu ya dada yake, yeye angeyaita maneno ya soko?

Ndipo wifi akatoa mpango wao, na nikaona walikuwa wameupanga zamani wakisubiri tu siku yake. Ile nyeupe ataendelea nayo mwenyewe. Mimi nitabaki na Ijumaa, na ile ya mawe, na nitakuwa nauza kwa niaba yake. Atanipa kitu, sitakosa. Stoo itabaki kwetu, lakini ufunguo atachukua yeye. Alisema hawanichukii hata kidogo, wananipenda, watoto wake wananiita mama. Mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa, polepole, kwa kila kipengele. Niliutazama mkono wake juu ya goti, mkono uleule wa baba yake kwa umbo na kucha, nikasubiri usogee upande wangu. Ulitulia palepale.

"Na nikikataa?" niliuliza.

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa, upole ule aliokuwa akinisemesha nao homa ikinishika.

"Ukikataa," alisema, "utaenda wapi?"

Hakuwa ananitisha. Ingekuwa kitisho ningejua la kufanya. Aliniuliza kwa sababu alijua jibu, na alitaka nilijue na mimi.